Harusi ya Kijani ya Inspekta Odeta

Mwizi aliyeiba turubai la akina mama wa Buswelu hakuvunja kufuli, hakung'oa bawaba, wala hakugusa sufuria hata moja. Alifungua mlango kwa ufunguo kama mwenye nyumba, akabeba turubai tu, akafunga mlango vizuri, akaenda zake. Jamani, kuna majirani hawana adabu ya mwizi huyo.

Inspekta Odeta alisimama katikati ya stoo akitazama mahali turubai lilipokuwa. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini tangu amalize likizo ya harusi. Pete mpya ilikuwa bado inambana kidoleni, na kila mara alijikuta akiizungusha. Jalada la wizi huu lilikuwa limemsubiri juu ya meza yake, limeshika vumbi, halina hata mshukiwa wa pili.

Mshukiwa wa kwanza ndiye huyu aliyesimama naye: Mama Rebeka, mjane, mtunza stoo wa kikundi cha Tushikamane.

"Shikamoo, mama," Odeta alisema. Hata akiwa mtuhumiwa, mtu mzima ni mtu mzima.

"Marahaba, Afande."

"Liliibwa lini?"

"Ijumaa ile ya mvua kubwa, jioni. Kila mtu alikuwa ndani kwake. Jumapili asubuhi nikaja kuchukua masufuria ya kipaimara, nikakuta pengo. Nikapiga yowe mwenyewe. Polisi nimewaita mwenyewe."

"Na hivi vyuma?"

"Vyuma vyake vyote vipo. Amechukua nguo tu."

"Ufunguo unakaa wapi?"

Mama Rebeka akagusa shingo yake iliyokuwa tupu. "Ulikuwa unakaa hapa, kwenye kamba. Wameshanivua."

"Kuna nakala?"

"Hakuna. Aliyenitangulia alinikabidhi mbele ya kikao kizima, watu wakapiga makofi."

"Anaitwa nani huyo?"

"Alishahama, Afande. Tena mimi na yeye tuligombana. Nikimtaja leo nitaonekana natafuta wa kumsingizia. Muulize katibu."

Odeta akampenda mama huyu papo hapo, jambo ambalo mpelelezi hatakiwi kulifanya.

"Lilikuwaje hilo turubai? Nieleze kama sijawahi kuona turubai."

"Kijani kibichi, zito, linatosha harusi na msiba. Tena lina kiraka chekundu ukubwa wa sinia. Upepo ulilichana tukiwa msibani, nikalishona kwa koti la mvua la marehemu mume wangu. Watu walinicheka, wakasema turubai limepata kidonda. Lakini tangu siku hiyo halijavuja."

Kisha akasema jambo ambalo Odeta aliondoka nalo moyoni. "Jumapili hii wanakaa kikao cha kunifukuza. Mimi sili turubai, Afande. Nimewapikia misiba yao yote, nimewafulia mashuka ya marehemu wao. Wakinifukuza, mimi atanizika nani?"

Huku kwetu mtu anaweza kuvumilia kulala njaa, akavumilia hata kusengenywa. Kuzikwa na watu wa serikali ya mtaa kama jiwe lililookotwa barabarani, hilo havumilii mtu. Odeta alizungusha pete yake, akafunga daftari lake.

Kituoni, mkuu wake wa upelelezi, Afande Machibya, hakuwa na shaka yoyote.

"Mlango haukuvunjwa, mwenye ufunguo ni mmoja," alisema. "Unataka nini tena, malaika ashuke atoe maelezo? Jumatatu jalada liende kwa mwendesha mashtaka."

"Afande, mwizi gani anaiba halafu anajipigia yowe?"

"Mwizi mwenye akili. Karibu kazini, bi harusi."

Odeta alikuwa ndiyo kwanza anatafuta namba ya katibu wa kikundi simu ilipolia. Alikuwa Mzee Yunus, mpiga picha wa harusi yake.

"Mwanangu," sauti ilitetemeka. "Njoo dukani. Nimekuharibia harusi yako."

*

Duka la Mzee Yunus lipo Makoroboi, limebanwa kati ya muuza vitenge na fundi saa. Ndiye aliyepiga picha za harusi ya mama yake Odeta. Mama huyo alifariki Odeta akiwa hajaota meno ya mbele vizuri, na sura yake yote anayoijua Odeta ni ile iliyomo katika picha za Mzee Yunus. Ndiyo maana, siku vijana wa kamati ya harusi walipomletea watu wa kamera za kisasa na ndege ya kupiga picha angani, Odeta alikataa katakata. Alimtaka Mzee Yunus, na kamera ile ile, na filamu.

Sasa mzee alikuwa ameketi nyuma ya meza, kofia amevua, macho mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Usiniamkie vizuri hivyo, hujaona bado."

Akamwaga picha mezani.

Lahaula! Odeta alijiona na shela la kijani. Gauni la kijani. Keki ya kijani. Pius, mume wake wa halali, mwalimu wa hesabu mwenye sura ya kupendeza, alikuwa na rangi ya mtu aliyemeza mlenda ukakataa kushuka. Afande Machibya anacheza, kijani. Paroko anabariki chakula, kijani mpaka kola.

Odeta alijaribu kujizuia. Alipofika kwenye picha ya wanakwaya, kicheko kikamtoka.

"Unacheka?" Mzee Yunus alishangaa. "Mimi sijala tangu jana. Miaka yangu yote sijawahi kumpaka mtu kijani. Mkono umezeeka, mwanangu. Nafunga duka."

Kicheko kikamkauka Odeta. Aliona kwamba mzee hatanii. Akavuta kiti, akatoa kalamu.

"Hufungi duka. Hapa pana kosa, na kosa lina mkosaji. Tuwahoji washukiwa mmoja mmoja. Wa kwanza?"

Mzee akapangusa pua. "Filamu yenyewe. Ikichacha, rangi zinahama."

"Ilikuwa imechacha?"

"Ilikuwa kwenye friji, karibu na maziwa. Mpya."

"Wa pili?"

"Dawa ya kusafishia. Ikichafuka au ikipata joto baya, picha zinavaa rangi isiyo yake."

"Wa tatu?"

"Kamera kuvuja mwanga. Lakini hiyo ingeacha michirizi, siyo kijani kilichotulia namna hii."

Odeta alipekua rundo. Chini kabisa akakuta picha walizopiga kabla ya sherehe, yeye na Pius juu ya mawe kando ya ziwa. Shela jeupe pe. Maji ya bluu. Pius na sura yake ya kawaida, anajaribu kuonekana jasiri huku kiatu kinateleza.

"Na hizi, baba?"

"Hizo zilitoka salama."

"Filamu nyingine?"

"Filamu hiyo hiyo. Zile za mwanzo."

"Ulizisafisha siku nyingine?"

"Hapana, chombo kimoja, dawa moja. Na karatasi nilichapa zote kwa kipimo kile kile..." Mzee akavaa kofia yake polepole.

"Basi filamu tumeiachia huru," Odeta alisema. "Dawa huru. Kamera huru. Na mkono wako, baba, huru bila masharti. Umebaki mwanga. Tulikuwa wapi picha zilipogeuka?"

"Chini ya turubai. Nilidhani ni taa za tyubu, maana zile kwenye filamu hutoa kijani."

"Umeme ulikatika toka asubuhi. Shangazi yangu aliwatukana TANESCO mpaka paroko akakohoa."

"Kweli. Basi sijui. Maana turubai lenyewe lilikuwa jeupe."

"Jeupe kabisa," Odeta alikubali. Akafungua simu yake. Picha za simu za harusi zilikuwa nyeupe, safi, hazina hata chembe ya kijani. "Ona. Simu zote zimeona jeupe. Filamu yako peke yake ndiyo imeona kijani. Nani anasema uongo?"

Mzee Yunus akaangalia simu, akaangalia picha, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yakachangamka.

"Filamu haijui kusema uongo. Njoo nje."

Mbele ya duka la vitenge palikuwa na kivuli cha turubai la kijani. Mzee akatoa leso yake nyeupe, akaiinua chini ya kivuli kile.

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Una hakika?"

"Baba, mimi ni askari. Nyeupe."

Akaisogeza leso mpaka nusu yake ikatoka juani, nusu ikabaki kivulini. Odeta akashtuka. Nusu ya juani ilikuwa nyeupe. Nusu ya kivulini ilikuwa kijani kama maji ya kisamvu.

"Jicho husamehe," Mzee Yunus alisema. "Ukikaa chini ya kijani, baada ya muda jicho linazoea, linakwambia nyeupe ni nyeupe. Simu nazo zimefundishwa adabu hiyo hiyo, zinarekebisha zenyewe ili ufurahi. Filamu haisamehi. Inaandika mwanga ulioingia."

"Kwa hiyo siku ile juu yetu..."

"Mlichoona ni satini ya mapambo. Wapambaji walitandika satini nyeupe kwa ndani na kuizungushia kingo zote, mkafurahi. Turubai lenyewe, juu ya satini, lilikuwa kijani. Tena kibichi."

Muuza vitenge aliwaona wamesimama wakikodolea leso macho, akauliza kama kuna mtu anatokwa damu puani.

Odeta alirudi ndani mbio. Sasa hakuzitazama picha kama bi harusi. Alizitazama kama mpelelezi, moja baada ya moja, mpaka alipofika ya kukata keki. Mkwe wake, Mzee Nkwabi, ni mrefu kuliko ukoo wote, na kichwa chake hakijaona unywele tangu enzi za rais wa awamu ya pili. Alisimama nyuma ya keki, anatabasamu, kijani kama wenzake. Lakini juu ya upara, pale utosini, paling'aa doa. Doa laini, la duara.

Doa jekundu.

"Baba," Odeta aliuliza taratibu, "mwanga ukipita kwenye kiraka chekundu, ukashuka juu ya kitu kinachong'aa, unatoa nini?"

"Ndiyo hicho unachokiona."

Odeta akakaa chini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Yeye aliolewa Jumamosi, siku moja baada ya ile Ijumaa ya mvua, chini ya kielelezo cha wizi. Na mwizi, bila shaka yoyote, alimvalisha shela kwa mikono yake, maana mtu aliyejifunga kibwebwe na kusema "turubai niachieni mimi" alikuwa mmoja tu. Ni shangazi yake Dorcas, mwanamke aliyemlea.

*

"Afande, naomba kujitoa kwenye jalada la turubai."

Machibya aliinua uso. "Kwa sababu?"

"Nimelipata. Liko kwenye picha za harusi yangu."

Akaziweka mezani. Machibya alitazama, akapepesa, akatazama tena. Akafika ile anayocheza, kiuno kimekatika, mikono hewani, kijani kama chura wa masika.

"Huyu ni mimi?"

"Ndiyo, Afande."

"Nacheza chini ya mali ya wizi?"

"Ndiyo, Afande. Na koplo wa zamu. Na mtu wa alama za vidole, huyu hapa, ana sahani mbili. Kituo kizima kilikuwepo."

Mkuu wa upelelezi akaanza kutikisika mabega, akacheka mpaka akafuta machozi kwa karatasi ya kuandikia malalamiko.

"Ukijitoa wewe, aingie nani? Wote tumekula pale." Akavaa kofia, uso ukarudi wa kazi. "Maelezo nitachukua mimi. Wewe utakuwepo. Lakini sikiliza, Odeta. Kama ni yeye, ni yeye. Sheria haiulizi nani alikulea."

"Najua, Afande. Ndiyo maana nimekuletea picha badala ya kuzichoma."

Alijibu kwa ujasiri, lakini kwenye gari aliizungusha pete njia nzima. Alikuwa akifikiria shingo mbili: ile tupu ya Mama Rebeka, na ya shangazi yake, aliyoikumbatia utotoni akibebwa na homa mpaka zahanati.

*

Nyumbani kwake Buhongwa, Shangazi Dorcas aliwapokea kwa vigelegele.

"Bi harusi wangu! Na Afande mcheza ngoma! Karibuni, karibuni, mmekuja na njaa?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaeni, kaeni."

Machibya akachukua kiti. Odeta akakaa kwenye kochi la siku zote, lakini leo miguu yake haikufika chini.

"Shangazi, kochi limekua?"

"Makochi ya siku hizi," Dorcas alisema haraka. "Niwaletee chai."

"Chai baadaye," Machibya alisema. "Mama, tumekuja kikazi. Nakuonya kwamba hulazimiki kusema neno lolote, na utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Una haki ya kukaa kimya."

"Kukaa kimya? Mimi? Afande, hunijui."

"Turubai la harusi ulilitoa wapi?"

"Nilikodi."

"Kwa nani?"

"Kwa watu."

"Watu gani?"

"Wenye maturubai."

"Rangi gani?"

"Jeupe. Si mliliona wenyewe? Afande alicheza chini yake mpaka mkanda ukakatika."

Odeta akamwekea picha mapajani. "Shangazi, huyu ni nani?"

"Mkwe wetu, Mzee Nkwabi. Mbona amekuwa kijani? Anaumwa?"

"Haumwi. Na hili doa jekundu utosini?"

Dorcas akaitazama picha. Akaigeuza nyuma, kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Mama Rebeka alikishona mwenyewe kiraka kile," Odeta alisema. "Kwa koti la marehemu mume wake. Jumapili wanamfukuza kwenye kikundi. Jumatatu anapelekwa mahakamani. Ananiuliza atazikwa na nani, shangazi, na mimi sina jibu."

"Rebeka?" Dorcas aliinuka. "Anafukuzwa Rebeka? Kwa nini Rebeka?"

"Kwa sababu mlango haukuvunjwa, na mwenye ufunguo ni yeye."

"Wee! Mimi nilidhani watasema ni vibaka! Vibaka si wapo kila mahali? Mbona wamkamate Rebeka, mtu asiyeiba hata chumvi ya jikoni?" Akakaa tena, puu, akajifunika uso kwa khanga. "Ni mimi. Andika, Afande. Andika kwa herufi kubwa. Ni mimi Dorcas."

Machibya akatoa kalamu. "Endelea."

"Nilikodi turubai jeupe, kweli nilikodi. Ijumaa mchana mwenye nalo akanipigia, akaniambia limekwenda Kisesa, kuna msiba. Sasa ningesemaje? Harusi inasubiri, msiba hausubiri. Nikamwambia wapeni pole. Nikazunguka mji mzima, maturubai yote yametoka. Na mvua ikaanza."

Akamtazama Odeta.

"Siku tuliyomzika mama yako ilinyesha, mwanangu. Uliloa mpaka ukatetemeka mwili mzima, hatukuwa na turubai. Nikamwahidi pale pale kaburini, siku ya harusi ya mtoto huyu tone halitamgusa. Miaka yote hiyo nimeibeba ahadi. Nikaona inaanguka, hivi hivi, saa chache kabla ya kufika."

Odeta akamshika mkono.

"Ufunguo uliupata wapi?" Machibya aliuliza, safari hii kwa upole.

"Mimi ndiye niliyekuwa mtunza stoo kabla ya Rebeka. Odeta alikuwa Bukoba kikazi, hajui. Funguo zilikuwa mbili. Nilikabidhi mmoja, wakanipigia makofi. Wa pili nikauficha kwa hasira."

"Hasira ya nini?"

"Ya wali!" Khanga ikashuka, macho yakawaka. "Pasaka, mbele ya watu wote, Rebeka alisema wali wangu umeiva juu, chini mbichi. Mbele ya paroko, Afande! Nikatangaza kutoka kikundini siku hiyo hiyo, kikao kilichofuata nikakabidhi stoo, nikahama na mtaa."

"Shangazi," Odeta alisema, "kwa nini hukumwomba tu? Angekupa."

"Najua angenipa. Hilo ndilo lililonishinda. Nimpigie magoti Rebeka, anitazame na lile tabasamu lake? Nikaona bora niibe. Nikaenda na guta la kubebea mizigo, nikalifunika turubai kwa mikungu ya ndizi za harusi. Vyuma niliviacha, wapambaji walikuwa na vyao. Jumapili mapema nikalipakia tena nilirudishe. Nimefika kona ya Buswelu, nikaona gari la polisi. Nikageuza guta."

"Na sasa liko wapi?"

Dorcas alimtazama Odeta miguuni, pale viatu vyake vilipokuwa vinaning'inia.

"Umelikalia, mwanangu."

*

Jumapili kikundi cha Tushikamane kilikaa nje ya stoo, kila mtu na kigoda chake. Mama Rebeka alikaa pembeni, amevaa nguo yake nzuri kama mtu anayekwenda kuagwa. Afande Machibya alisimama, akasoma kwa kifupi: mali imepatikana, mtuhumiwa amekiri, na Mama Rebeka hana hatia. Walalamikaji ndio waseme kama shauri liende mahakamani.

Kisha guta likaingia. Juu yake turubai limekunjwa vizuri, na kando ya turubai sufuria kubwa, na nyuma yake Shangazi Dorcas anasukuma mwenyewe, jasho linamtoka, amekataa kusaidiwa na mtu. Odeta alikuwa akitembea ubavuni, mikono imemuwasha njia nzima kutaka kusukuma naye.

Dorcas alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya Mama Rebeka.

"Niliiba," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Nikakuachia aibu yangu uivae wewe. Sikujua, lakini kutojua hakunisafishi. Wanipeleke mahakamani, nitakwenda. Ila wewe nisamehe kwanza."

Mama Rebeka akaliendea turubai, akalikunjua pembe moja, akakitafuta kiraka. Akakipapasa kwa kidole gumba, polepole, mshono mzima.

"Hakijafumuka," alisema.

"Nilikifua kwa mkono. Kwa sabuni ya kipande."

"Kwenye sufuria mna nini?"

"Wali."

Akina mama wakaguna kwa pamoja. Mama Rebeka akaomba mwiko. Akachota juu, akala. Kisha, jamani, akazamisha mwiko mpaka chini kabisa, akachota ukoko na punje zake, akatafuna akiwa amefumba macho. Hata Afande Machibya aliacha kupumua.

"Umeiva," alisema Mama Rebeka. "Juu na chini."

Dorcas aliangua kilio ambacho hakukitoa hata mbele ya polisi. Vigelegele vikapasuka. Katibu alipouliza kama kuna anayetaka shauri liende mahakamani, watu walikuwa tayari wanagombania sahani, na swali likafa lenyewe. Machibya akafunga jalada juu ya goti lake, akapokea sahani.

Turubai likasimamishwa. Katibu akamvalisha Mama Rebeka kamba yenye ufunguo, na mama yule akaushika kifuani kwa mikono miwili. Ndipo Dorcas alipotoa ule wa pili, uliofichwa miaka yote, akaunyoosha mbele yake.

"Chukua na huu. Sistahili kuwa nao."

Mama Rebeka akaupokea. Akachomoa uzi kwenye ncha ya khanga yake, akautunga, akamvalisha Dorcas shingoni.

"Rudi kikundini," alimwambia. "Tuwe watunzaji wawili. Siku nikifa mimi, nani atafungua stoo watoe turubai?"

"Mimi," Dorcas alisema. "Mimi, dada. Na wali nitapika mimi."

Odeta aligeuka akatazama upande mwingine, kwa sababu Inspekta hatakiwi kulia mbele ya raia. Pius alikuwa amesimama nyuma yake, akampa leso.

Mzee Yunus alikuwa amekuja na kamera yake, filamu mpya ndani, kofia imenyooka kichwani. Picha za harusi alishasema anaweza kuzichapa upya na kukiondoa kijani chote. Odeta alimruhusu arekebishe moja tu, ya paroko, kwa heshima. Zile nyingine alizitaka vilevile, na ile ya upara wa Mzee Nkwabi ilishapata fremu.

"Sogeeni, sogeeni," mzee aliwaambia akina mama. "Lakini nawaonya mapema, leo hamna satini. Mtatoka kijani wote."

"Tutoke!" walimjibu kwa pamoja.

Mama Rebeka na Dorcas walisimama katikati, chini ya kiraka, funguo zao vifuani, na wekundu wa lile koti la mvua ukawashukia wote wawili usoni.